Ujana na Kazi ni Mali ya Mungu

Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuumba ujana. Nguvu za mikono, wepesi wa akili, sauti ya kuimba na miguu ya kucheza ngoma, vyote vyatoka kwake. Hata kitabu cha Mhubiri, katika Maandiko Matakatifu, chamruhusu kijana kuufurahia ujana wake. Ila chamkumbusha ya kuwa siku moja Mungu atamtaka hesabu ya njia zake zote.

Basi vijana wengi hukosa njia kwa namna mbili.

Wa kwanza husema: “Ujana huja mara moja.” Siku ya soko yuko penye pombe, usiku yuko penye ngoma, na mvua zikinyesha shamba lake lina majani matupu. Jembe la baba yake laliwa na kutu. Akiisha kuzeeka, mikono yake haina nguvu, wala ghala lake halina kitu. Huyu amekula mbegu kabla ya kupanda.

Wa pili huonekana mwenye akili kuliko wa kwanza. Husema: “Kwanza mali, mengine yatafuata.” Huenda kwenye machimbo ya dhahabu, ama huenda mjini kutafuta cheo. Mafundisho ya dini huyaacha katikati, akidhani atabatizwa akiisha kupata mali. Dominika hapumziki. Mama yake akiugua, hana nafasi ya kumwangalia. Aahirisha sala, furaha na upendo, kana kwamba miaka imo mkononi mwake. Bwana Yezu alisimulia habari za mtu wa namna hii: tajiri aliyekusudia kubomoa maghala yake ajenge makubwa zaidi, apate kula na kustarehe miaka mingi, na usiku uleule roho yake ikatakwa.

Vijana hao wawili wafanana kuliko wanavyodhani. Mmoja ameifanya anasa kuwa mungu wake, mwenzake amekifanya cheo kuwa mungu wake. Wote wawili wamemsahau Mwenye mali.

Je, yuko kijana aliyeshika njia iliyo sawa? Yuko, tena si wa nchi ya mbali. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria katika chuo kikuu, akapata kazi katika ofisi ya serikali ichunguzayo bidhaa. Kutaka kuendelea hakukuwa dhambi kwake. Lakini hakungoja apate cheo ndipo aanze kuwapenda watu. Alipokuwa bado mwanafunzi aliingia katika jumuiya ya Sant'Egidio. Yeye na rafiki zake walisali pamoja, wakawatafuta watoto waliolala barabarani, wakawalisha na kuwasaidia wasome. Furaha ya ujana wake ilikuwa hiyo.

Mwaka 2007 palikuwa na watu waliotaka apitishe mchele ulioharibika, wakataka kumpa fedha kwa siri. Akakataa, kwa maana watu wangeula na kudhurika. Mwezi wa Julai mwaka ule alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, huko Roma.

Mtu wa dunia atasema: “Amepoteza kazi na ujana pamoja.” Imani yajibu: alivitoa, akavirudisha kwa Mwenyewe. Tena asingaliweza kukataa siku ile, kama moyo wake ungalikuwa umekwisha kuuzwa kwa cheo. Alizoea kumpa Mungu siku ndogo. Ndiyo sababu aliweza kumpa na siku kubwa.

Si kila kijana atakayetakwa damu yake. Lakini kila mmoja ana siku zake ndogo. Mkatekumeni, basi, afanye kazi siku sita kwa bidii: alime, asome, ajifunze useremala au ufundi wa kujenga, maana uvivu umehesabiwa katika mizizi ya dhambi. Dominika apumzike, asali, aimbe, awatembelee wagonjwa, akae na ndugu zake. Furaha yake iwe ile asiyoona haya kumsimulia mama yake. Kazi ikimtaka adanganye, aiache kazi. Na Ubatizo asiuahirishe kwa ajili ya mali, kwa kuwa hakuna aijuaye saa yake.

Maulizo

Ni dhambi kutaka kuendelea katika kazi? – Si dhambi, kama mtu atafuta riziki ya haki na kuwafaa wenzake.

Ni dhambi kufurahi katika ujana? – Si dhambi, kama furaha hiyo haivunji amri za Mungu wala haimwachi jirani katika taabu.

Floribert alishika amri zipi alipokataa zile fedha? – Amri ya tano, kwa kuwa alilinda uzima wa watu. Na amri ya saba, kwa kuwa alikataa mali isiyo ya haki.