Jina la Aliyetoa

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja huonekana kugombana. Moja yasema: Tenda wema uende zako. Nyingine yasema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Je, aliyechangia kazi ya umma atajwe jina, au tumnyamazie?

Swali hili si geni kwetu Njombe na Makambako, ambako shule nyingi zimesimama kwa michango ya wananchi. Daftari la michango tunalijua sote: fulani mifuko miwili ya saruji, fulani mbao, fulani siku tatu za kufyatua matofali. Lakini katika shule moja, bibi mmoja mkulima alisimama mkutanoni akapendekeza darasa lisogezwe juu kidogo, kwa sababu wakati wa mvua maji hupita pale. Walimsikiliza, na darasa lile ni kavu hadi leo. Katika daftari bibi huyo hayumo. Hakutoa shilingi; alitoa wazo.

Watu walioipa hoja hii uzito unaostahili ni mafundi wa kompyuta. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayoitawala kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Akawaachia watu wote waisome na kuirekebisha. Hata jina la Linux si pendekezo lake: yeye alitaka Freax, mwenzake Ari Lemmke ndiye aliyeiita Linux. Leo kiini hicho kimo ndani ya simu za Android, zikiwemo za wafanyabiashara wa viazi pale Makambako.

Anayetaka kuchangia hueleza kwanza tatizo, kisha pendekezo lake, na wenzake hulikagua. Chini ya kazi huandikwa nani aliripoti kosa, nani alitoa wazo, nani alikagua. Kampuni ya SCO ilipofungua kesi ya umiliki mwaka 2003, utaratibu ulikazwa: tangu 2004 kila mchangiaji hutia sahihi kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa anachokitoa. Tena, mwenye wazo aliyelisema faraghani hapaswi kutajwa bila ridhaa yake.

Hapo ndipo palipo na funzo. Kutaja jina si lazima kuwe kusifu. Daftari la sifa huanza na aliyetoa kingi. Daftari la haki humwandika kila mtu kwa alichokitoa, na kosa likionekana hujulikana wa kuulizwa. Sahihi ni dhamana kabla ya kuwa heshima.

Kwa hiyo methali zetu hazigombani. Kila moja ina mtu wake. Ya kwanza yamhusu mtoaji: asidai shukrani. Ya pili yatuhusu sisi tuliopokea: tusijifanye tumesahau. Ubaya huingia pale mpokeaji anapoishika methali ya mtoaji, akasema, “Mwema hahitaji kutajwa,” ili deni lake lipotee.

Kamati zetu za shule na ziongeze basi safu moja katika daftari, safu ya mawazo. Na kabla ya kumwandika mtu humo, aulizwe kwanza.