Mlango wa Usiku: Ni Huruma au Ni Haki?



Katika mji wetu wa Likasi watu wauliza swali moja, sokoni, njiani na hata matangani: hospitali ikikosa fedha, je, yafaa ipunguze msaada wa haraka, yaani ule wa mgonjwa asiyeweza kungoja mpaka asubuhi? Tena wenyeji wakikataa, je, wana haki, au ni watu wa manung'uniko tu? Leo tulichunguze swali hili polepole, kwa akili na bila hasira.

Kwanza nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita hospitali moja, nisiyoitaja, iliacha kupokea wagonjwa usiku. Majirani walikuja kwangu wakasema: "Baba katekista, utuandikie barua, twende kwa mkubwa wa hospitali." Mimi nikajibu: "Mngoje kidogo. Mambo ya hospitali ni ya waganga, si yetu." Nilidhani nimesema neno la hekima. Haukupita mwezi, mama mmoja wa mtaa wetu akajifungua usiku, damu ikakataa kusimama. Tukampandisha kwenye pikipiki, mume wake nyuma akimshika. Zamu wa mlango akachungulia, akasema: "Baba, hakuna munganga. Mwende kwingine." Kule kwingine wakadai fedha za kutanguliza. Tulipokwisha kuzichanga, kulikuwa karibu kucha, na mama yule alikuwa amekufa. Tangu siku ile najua kwamba kunyamaza nako ni tendo, na mtu atalitolea hesabu.

Wazee wetu hupenda kusema: "Zamani hospitali haikuuliza fedha." Ni kweli, lakini yafaa tujue sababu yake. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona katika miaka ya 1920 kwamba yafaa mfanyakazi akae na mke wake na watoto wake. Ikajenga kambi, ikajenga shule na hospitali. Je, ilikuwa huruma? Labda kidogo. Lakini kampuni ilihitaji mikono yenye nguvu, na mtu mzima wa afya huchimba shaba nyingi kuliko mgonjwa. Matibabu yalikuwa sehemu ya mshahara.

Mwaka 1967 mali ile ikawa ya serikali, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, nchi ikaingia katika fujo, na kufika mwaka 1994 hazikupatikana hata tani 50,000. Halafu mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya kuagana wakaenda nyumbani. Pamoja na kazi walipoteza shule na hospitali za kampuni.

Tuone fundisho lililo hapa. Matibabu yaliyofungwa pamoja na kazi yaliondoka pamoja na kazi. Mtu alikuwa akitibiwa kwa sababu ana namba ya kazi, si kwa sababu ni mtu. Kwa hiyo tukisema "turudi kama zamani," hatujasema neno la kutosha. Hata zamani, mtu wa kijijini asiye na namba hakuwa na mlango huo.

Tena kuna sababu ya pili. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako. Wakapatana kwamba mgonjwa achangie bei ya dawa, ili vituo visikose dawa. Nia ilikuwa njema, maana dawa bila fedha hazidumu. Lakini po pote ilipotumiwa bila kumfikiria maskini, desturi ile iliweka mtunza fedha mbele ya mganga.

Basi turudi kwa swali letu. Kuna tofauti kati ya huruma na haki. Huruma ni kumpa mtu kitu kilicho changu. Haki ni kumpa kitu kilicho chake. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliye katika lazima ya mwisho, akitwaa kwa mwingine kitu cha kuokoa uhai wake, si mwizi. Kama ndivyo, mtu anayetokwa na damu mlangoni si mwombaji. Amekuja kuchukua kilicho chake.

Sheria nazo zasema vivyo hivyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, yalinda haki ya afya. Sheria yetu ya makosa humwadhibu anayemwacha mtu katika hatari ya kufa hali aweza kumsaidia bila kujihatarisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya haraka. Hata hivyo, mwaka 2015 kule Nairobi, mtu aliyegongwa na gari alikaa karibu saa 18 ndani ya gari la wagonjwa akingoja nafasi, akafa. Karatasi peke yake haifungui mlango.

Wengine watajibu: "Hakuna awezaye kutoa asicho nacho. Muuguzi hajalipwa, taa hazina mafuta." Neno hilo ni la kweli, tusilidharau. Lakini lafaa kujibiwa.

Kwanza, deni hili si la muuguzi peke yake. Lapanda mpaka kwa wenye kushika mfuko. Mwaka 2001, kule Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga sehemu 15 katika kila 100 za fedha za serikali kwa ajili ya afya. Malori ya shaba na kobalti hupita katika barabara yetu mchana na usiku. Nchi hii si maskini wa vitu.

Pili, hata kupunguza kuna utaratibu wake. Anayepunguza na aanze na yale yawezayo kungoja. Jino lauma, lakini litangoja Jumatatu. Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa aweza kufa katika saa chache tu, na mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria vilevile. Anayefunga mlango wa usiku hajaokoa fedha. Gharama amewabebesha wanyonge.

Tatu, hatudai kila kitu bure. Twadai mgonjwa atibiwe kwanza, aulizwe deni baadaye.

Na sisi wenyeji tuna wajibu. Mwenye kudai haki asitukane wauguzi wala kuwapiga. Akipona, asikimbie deni. Atoe damu yake kabla haijaombwa kwa machozi. Tena aombe kuona hesabu, kwa adabu lakini bila woga.

Barua ile niliiandika baada ya maziko. Tuliketi na mkubwa wa hospitali mara tatu. Akatuonyesha vitabu vyake vya hesabu, na kweli fedha zilikuwa chache. Mwishoni tukapatana: hospitali itaweka muuguzi mmoja na taa moja usiku, na mtaa utakuwa na sanduku la kulipia dawa za saa ya kwanza. Ni kidogo, na kazi ya wakuu tungali twawadai. Siku ya kufungua sanduku, aliyetangulia kutia faranga ndani alikuwa mume wa yule mama.

Ndugu msomaji, mtaani kwako wakija kukuomba uandike barua, usiwaambie wangoje.