Mlio Ukipuuzwa, Nani Analipa?

Hapa Kampala ukitaja mashine ya kugundua chuma, watu wanawaza askari wa getini. Baada ya mabomu ya tarehe 11 Julai 2010 kule Kyadondo na Kabalagala, yaliyoua zaidi ya watu 70, ile fimbo nyeusi ya kupitisha mwilini imekuwa kitu cha kila siku: benki, supamaketi, hata kanisani. Inalia kwa funguo, kwa sarafu, kwa mkanda. Askari anasikia, anasema, "Pita." Kitu kikilia kwa kila mtu, mwisho wake hakimwambii askari neno.

Basi swali langu ni hili: masikio yakishazoea kelele, tunachaguaje cha kusikiliza? Na tukichagua vibaya, nani analipa?

Wanaotafuta dhahabu kwa mashine kama hiyo, kama wachimbaji wadogo kule Tanzania, wanalijua swali hili kwa mikono yao. Mashine inapeleka nguvu ya sumaku ardhini, chuma kilichofukiwa kinajibu, na jibu hilo linageuzwa kuwa mlio. Kwenye mashine nyingi msumari unatoa mlio mzito, wa chini. Shaba na fedha zinalia juu. Dhahabu ndogo iko katikati, na hapo ndipo shida ilipo, maana katikati hapohapo ndipo inapolia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kile kishikio cha kopo la soda.

Hebu fikiria uwanja wa hapa Luzira, njia ya kwenda Port Bell, karibu na kiwanda cha bia. Ukipitisha mashine hapo italia kila hatua: misumari, vipande vya mabati, vizibo vya chupa. Na kizibo ni mjanja. Ni bati tu, lakini kwa umbo lake kinaweza kulia kama sarafu.

Kwa hiyo mashine imewekewa kitufe cha kuchuja. Unakibonyeza, takataka zinanyamaza, unapata amani. Lakini ukinyamazisha karatasi ya sigara, umenyamazisha na dhahabu pamoja nayo. Tena dhahabu ikiwa imelala kando ya msumari, msumari unaweza kuifunika kabisa.

Kwa mtafuta dhahabu hayo ni mambo yake. Akichuja sana, hasara ni yake mwenyewe, jioni anarudi mikono mitupu.

Sasa mchukue mtegua mabomu. Kaskazini mwa Uganda baada ya vita, ardhi ilikuwa na maganda ya risasi na vipande vya vyuma, na katikati yake mabomu ya kutegwa. Mabomu mengine karibu yote ni plastiki, chuma chake ni kidogo sana. Kwa hiyo mtu huyu haruhusiwi kusema, "Huu ni msumari tu." Kila mlio anauhesabu kuwa bomu mpaka aone kwa macho. Anapiga magoti, anafukua polepole, anatoa ganda la risasi, anasogea kidogo, anaanza tena. Kwa kazi ya namna hiyo, Desemba 2012 Uganda ilitangaza kwamba imemaliza kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo.

Mashine yao na ya mtafuta dhahabu ni ndugu. Tofauti iko kwa anayelipa. Atakayekanyaga bomu lililopuuzwa siyo yule aliyelipuuza. Ni mtoto anayekwenda kuteka maji.

Naandika haya kwa sababu sisi tunaokaa na watu tuna kitufe hicho kichwani. Mimi kazi yangu ni vijana. Kijana anakuja na habari unayoona umeshaisikia mara mia: karo, njaa, mjomba aliyemfukuza. Mfanyakazi wa shirika yuko mezani tangu asubuhi, na mtu wa 40 anaanza vilevile kama wa kwanza: "Walikuja usiku..." Masikio yanaanza kuchuja yenyewe. Siyo roho mbaya, ni uchovu. Na tusifichane, wapo wanaodanganya. Vizibo vipo. Lakini tukichuja vibaya, sisi jioni tunarudi nyumbani, na yule ndiye anabaki nje.

Mtu atasema: ukichimba kila mlio, hutamaliza uwanja. Ni kweli, na kuchelewa nako kuna anayekulipia, yule aliye mwisho wa foleni. Lakini kati ya kuchimba kila kitu na kunyamazisha kila kitu kuna ujuzi. Wazoefu kwenye ardhi chafu wanapunguza mwendo. Wanatumia sahani ndogo. Mahali palipolia wanapapita tena kutoka upande mwingine. Mara nyingi msumari unalia upande mmoja na kukatika upande wa pili, lakini kitu kizuri kinarudia mlio wake. Na sisi tunaweza kuuliza siku nyingine, kwa lugha ambayo mtu analia nayo, bila jirani yake kusikiliza. Ila mtu siyo sarafu. Aliyeumia sana naye maneno yake yanakatika, tarehe zinamchanganya. Kwa binadamu, mlio uliokatika ni sababu ya kupita tena, siyo ya kuondoka.

Halafu kuna vitu ambavyo mashine haivisikii kabisa. Mwaka 1929, watu waliokuwa wakichimba hapahapa Luzira, eneo la gereza, walikuta vipande vya sanamu ya zamani sana, na kimoja ni kichwa cha mtu. Leo kiko British Museum, London, na kinaitwa kwa jina la mtaa wetu. Ni udongo wa kuchomwa. Mashine ingepita juu yake kimya. Tuna vijana wa namna hiyo, wanaokaa nyuma kwenye kila mkutano, hawaombi, hawalalamiki, na tunaandika kwenye ripoti kwamba hawana shida.

Mimi nimejiwekea kipimo kimoja. Kabla ya kumchuja mtu, najiuliza kosa hili atalilipa nani. Kama ni mimi, nichuje nipendavyo. Kama ni mwingine, nipige magoti nichimbe.