Mjumbe Asiyetumwa

Adui hasaliti. Aweza kuvamia, kuteka na kuua, na katika yote hayo akabaki mkweli kwa uadui wake. Walakini hiana yataka kwanza mapenzi, yataka amana iliyotiwa mkononi mwa mtu na mtu yule akaipokea, na ndiyo sababu tanzia kubwa za usaliti, ziwe za Roma au za Pate, huanza mbali na jambia, huanza katika nyumba yenye amani, kwenye chakula kinacholiwa pamoja na siri inayosemwa kwa sauti ndogo. Hayo wanayajua hata watoto. Lisilochunguzwa vema, na ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa tanzia ya Julius Caesar, ni habari ya mtu anayemsaliti rafiki yake kwa ajili ya umma: mtu huyo ametumwa na nani?

Asumbi ni mahali pafaapo kuuliza swali hilo. Ni kitongoji cha misheni katika nchi ya Homa Bay, kilicholelewa na mapadri wa Mill Hill, na kwa miaka mingi kimetoa walimu waliotawanyika Nyanza Kusini yote hadi Migori. Tanzia yenyewe, iliyochezwa London mwaka 1599 na baadaye kufundishwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki zama za mtihani wa Cambridge, ilitujia mara ya pili, na kwa heshima iliyo kubwa zaidi, pale Julius Nyerere alipoifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akaitengeneza upya na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nimeisoma pamoja na vijana wa hapa wanaojiandaa kufundisha, nao hawakuanza na Roma. Walianza na Luanda Magere.

Masimulizi ya Wajaluo yasema kwamba Magere, shujaa wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki, na kwamba Walang'o, walipochoka kushindwa naye vitani, walimpa binti yao amwoe. Alipougua alimwambia mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili, na damu ilipochuruzika kutoka kivulini binti yule alikuwa amekwisha kujua alilotumwa kulijua. Akatoroka usiku kwenda kwa ndugu zake, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki na shujaa akageuka jabali. Vijana wengi walimlaani mwanamke huyo kwa uchungu kana kwamba mambo hayo yalitokea juzi. Msichana mmoja akakataa: akasema kwamba kwao yule binti ni mwokozi, na kwamba mama wa Kilang'o aliyekuwa akizika wanawe mwaka hata mwaka angempa mjukuu wake jina la mtu huyo pasipo haya. Ubishi ulikuwa mkali, nami sikuona haja ya kuuzima, maana walikuwa wamefika penyewe.

Niliwaongezea kisa cha pwani, cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utendi mwaka 1913. Mfalme wa Pate, akihofia ushujaa na sifa za Liyongo, alimrubuni mwana wa Liyongo mwenyewe kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Kijana akamwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba akamwambia kwamba ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana akarudi na sindano hiyo, akamchoma baba yake usingizini. Liyongo aliinuka na jeraha lake, akapiga goti karibu na kisima, upinde umevutwa, akafa katika hali ile, na watu wa mji wakakaa na kiu siku nyingi wakimdhani yu hai.

Katika visa hivi viwili mtumaji anajulikana na ujira unajulikana. Binti wa Kilang'o nyuma yake palikuwa na kaumu nzima iliyokuwa ikiangamia. Mwana wa Liyongo nyuma yake palikuwa na mfalme mwenye husuda na mbele yake palikuwa na harusi. Twaweza kumstahi mmoja na kumdharau mwingine, kwa sababu kila mmoja wao, akishikwa njiani na kuulizwa waenda wapi na kwa amri ya nani, ana jibu la kweli la kutoa, hata kama jibu hilo ni la aibu.

Brutus, yule rafiki wa Caesar, ni mgumu zaidi, kwa kuwa ni mwema. Alipigana upande wa Pompey, adui wa Caesar, na baada ya kushindwa kule Pharsalus mwaka 48 kabla ya Kristo, Caesar alimsamehe, akampa jimbo alitawale, akamfanya kadhi mkuu wa mji. Na tarehe 15 Machi mwaka 44 alikuwa miongoni mwa waliomzunguka mfadhili wake na kumtia majeraha ambayo waandishi wa kale waliyahesabu kuwa 23. Hakutaka mali wala cheo. Shakespeare anampa hata Antony, hasimu wake, kazi ya kukiri mbele ya maiti ya Brutus kwamba wenzake wote walisukumwa na wivu na yeye peke yake alinuia kheri ya watu wote. Dante, karne tatu kabla ya Shakespeare, alikuwa amekwisha kumtia Brutus katika mojawapo ya vinywa vitatu vya Shetani, pamoja na Cassius na Yuda, na katika mahali pa misheni kama hapa wako wanaoipokea hukumu hiyo bila kusita. Mimi siwezi kuipokea upesi hivyo, kwani Yuda alihesabu vipande vya fedha na Brutus hakuhesabu kitu.

Tazama, hata hivyo, jinsi anavyofikia azma yake. Ni usiku, yumo bustanini peke yake, usingizi umemkimbia, naye anakiri waziwazi kwamba hana kisasi na Caesar wala hajamwona akiiacha akili yake itawaliwe na matamanio. Hoja yake yote imesimama juu ya vile Caesar atakavyoweza kuwa atakapotiwa taji. Ndipo mtumishi anapomletea barua iliyookotwa dirishani. Katika Plutarch, ambaye Shakespeare alimsoma, maandishi ya namna hii yaliwekwa na raia wenyewe waliotamani mabadiliko, hata yakarundikana penye kiti chake cha uamuzi. Shakespeare akageuza jambo hilo, na katika mageuzi hayo mimi naona hekima yake yote: katika tamthilia barua zimebuniwa na Cassius, amezitofautisha mwandiko ili zionekane kama zimetoka kwa watu mbalimbali, na zimetupwa ndani kwa hila. Tena hazikukamilika. Barua inalitaja jina la Roma kisha inakatika katikati ya sentensi, na Brutus, akiisoma kwa mwanga wa vimondo vya usiku ule wa kutisha, anaimalizia kwa maneno yake mwenyewe, halafu anayaitikia maneno hayo kwa kiapo kana kwamba Roma imemwita.

Sijui mahali pengine katika fasihi ambapo jambo hili la siasa limefichuliwa kwa unyofu kama huu. Ile sauti ya umma, ambayo kwa ajili yake rafiki atauawa kesho, nusu yake ni mwandiko wa mtu mmoja mwenye kinyongo na nusu ya pili ni matilaba ya msikilizaji mwenyewe. Na usafi wa dhamiri haukumsaidia Brutus kutambua hadaa, bali ulimzidishia upofu, kwani mtu mwovu huwashuku waletao ujumbe, ilhali mwema, ajuaye kwamba hajitakii kitu, hudhani kwamba ajualo moyoni mwake lazima liwe ndilo walitakalo wote. Siku ya pili umma wenyewe ulinena. Brutus alipomaliza kuwahutubia na kuwaeleza kwamba amemwua Caesar ili wao wawe huru, raia mmoja akapaza sauti kwamba Brutus na afanywe Caesar. Ingekuwa aliuliza kabla ya kuchoma, angaliyajua hayo mapema.

Nitaambiwa kwamba mtawala dhalimu haulizwi wala hapigiwi kura. Hoja hii ni nzito, nami naipa haki yake: Caesar alikwisha kujifanya dikteta wa maisha, na sheria ya Roma haikubakiwa na mlango wa kumtoa. Si ajabu kwamba kitabu hiki kimewatia hofu watawala wengi, na kwa hiyo namheshimu Nyerere, aliyekuwa rais aliyejifungia na kalamu kufasiri kifo cha mtawala mwenye jina kama lake, na ambaye miezi michache baadaye, Januari 1964, aliona askari wake mwenyewe wakiasi Dar es Salaam. Lakini Brutus alikuwa kadhi mkuu, aketiye katika baraza, mwenye kauli; na katika tamthilia nzima hakuna hata mara moja anapomkabili Caesar usoni na kumwambia, acha, unakosea. Asubuhi ile anaitikia wito wa kunywa divai nyumbani kwake, na dakika chache kabla ya kumchoma anambusu mkono. Mtu anayeupenda uhuru wa wenzake anawiwa kwanza na neno la wazi, lisemwe mchana, mbele ya yule linayemhusu.

Katika kisiwa cha Rusinga limo kaburi la Tom Mboya, lililojengwa kwa umbo la risasi. Alipigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, mwaka uleule ambao Juliasi Kaizari alitoka chapani, akiwa na umri wa miaka 38, waziri wa mipango ya uchumi na katibu mkuu wa chama tawala cha KANU. Mtu mmoja, Nahashon Njenga, alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa. Swali la aliyemtuma limebaki, nalo linaulizwa Homa Bay hata leo na watu waliozaliwa baada ya kifo kile. Hapa ndipo tanzia ya kale inapokuwa, kwa namna ya ajabu, na heshima kuliko historia yetu: Brutus, mikono ikiwa bado myekundu, alipanda jukwaani akasema ni mimi, na sababu yangu ni hii, nijibuni. Nairobi hapakupanda mtu. Hapakuwa na hoja ya kujibu wala uso wa kujibiwa, na pasipo uso huo ghadhabu ya waliofiwa ilitafuta pa kutua. Tarehe 25 Oktoba Kisumu, siku ya kufunguliwa kwa hospitali mpya mbele ya Rais Kenyatta, risasi ziliwaua watu waliokuwa kwenye umati, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini.

Kwa sababu hiyo siafikiani kabisa na desturi ya zamani ya wachezaji ya kulikata onyesho la Cinna. Ni fupi, laja mara baada ya hotuba ya Antony, na watayarishaji wengi waliliona kuwa la ziada. Cinna mshairi, ambaye jina lake lafanana na la mmoja wa wauaji, anakutana barabarani na umati. Anawaambia kwamba yeye si Cinna yule, nao wanamjibu kwamba jina latosha. Vijana wa Asumbi walilisoma bila kuhitaji maelezo. Walikuwa wadogo, au hawajazaliwa, mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, walakini wamesimuliwa na wazazi wao juu ya vizuizi vya barabarani ambapo vitambulisho vilidaiwa na jina la mtu likasomwa kabla ya uso wake kutazamwa, na juu ya majirani wenye maduka waliofungasha usiku mmoja wasirudi tena. Waliniuliza kwa nini onyesho hilo halina mtu mkubwa hata mmoja ndani yake, na tukashinda mchana kutwa juu ya swali hilo, tukiurudia mstari baada ya mstari, tukitafuta ni nani katika wale waliofanya njama usiku ule bustanini aliyewahi kumfikiria mshairi huyu.