Ukikua Unataka Kuwa Nani?

Mtu mzima anayezungumza Kiswahili akikutana na mtoto, iwe Mwanza, Mombasa au Bukavu, humwuliza jina, humwuliza darasa, kisha humwuliza: "Ukikua unataka kuwa nani?" Lugha imetumia "nani", neno linaloulizia mtu, wala haikutumia "nini". Hata hivyo, jibu linalongojewa ni jina la kazi: daktari, rubani, mwalimu, wakili. Mtoto akijibu kwamba anataka kuwa mtu mwema, wakubwa hucheka kwa upole na kulirudia swali kana kwamba hakulielewa, ilhali amelijibu kama lilivyoulizwa.

Mjini Johannesburg swali hilo si la sebuleni tu. Lina muda wake na lina fomu. Kuanzia darasa la 7 hadi la 9, wanafunzi wa Afrika Kusini husoma somo la Mwelekeo wa Maisha, ambalo pamoja na mengine huwaongoza kutambua vipawa vyao, kuchunguza taaluma na kuzihusisha na masomo. Mwishoni mwa darasa la 9, akiwa na umri wa miaka 14 au 15, mwanafunzi huchagua masomo atakayoyasoma hadi mtihani wa darasa la 12. Uchaguzi mzito kuliko yote ni kati ya hisabati kamili na hisabati ya matumizi, somo lililoanza kufundishwa mwaka 2006, ambalo hushughulika na hesabu za maisha ya kila siku kama bajeti, riba na vipimo. Anayechukua hisabati ya matumizi huwa amejitenga na uhandisi na udaktari. Kushuka kutoka hisabati kamili ni rahisi. Kupanda kurudi huko ni vigumu mno. Kwa hiyo mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kupiga kura wala kuendesha gari hutakiwa kuamua jambo litakalomfuata maisha yake yote.

Chukuliwe mfano wa binti wa miaka 14 anayeishi Yeoville, mtaa ambao Kiswahili cha Kongo husikika sokoni pamoja na Kilingala, Kifaransa na Kizulu. Wazazi wake walitoka Bukavu. Karatasi zao ni za waombaji hifadhi, na kila muda wake unapokwisha hulazimika kuzihuisha. Haki ya binti kukaa darasani ina msingi wa kisheria: Desemba 2019 Mahakama Kuu mjini Makhanda iliamua kwamba mtoto asinyimwe elimu ya msingi kwa sababu ya kukosa hati. Tuseme binti huyu ni hodari wa kujenga hoja, na kwenye fomu ameandika kwamba anataka kuwa wakili. Mwalimu wake anajua jambo ambalo yeye halijui. Sheria ya mwaka 2014 inayosimamia taaluma ya uanasheria huwaruhusu raia na wenye ukaazi wa kudumu tu kuapishwa kuwa mawakili, na Agosti 2022 Mahakama ya Katiba, ambayo jengo lake liko Braamfontein, si mbali na Yeoville, ilishikilia kwamba kizuizi hicho hakivunji katiba. Binti anaweza kusomea shahada ya sheria, akafaulu vizuri, na bado mlango wa uwakili ukabaki umefungwa mbele yake. Mkimbizi aweza kuomba ukaazi wa kudumu, lakini njia ni ndefu, na wazazi wake hawajapata hata kutambuliwa kuwa wakimbizi.

Je, mwalimu amwambie nini?

Jibu la kwanza ni lile lililoandikwa kwenye mabango ya madarasa mengi duniani: unaweza kuwa chochote unachokitaka. Maneno haya hupendwa kwa sababu hayamgharimu kitu anayeyasema. Gharama humwangukia mtoto miaka minane baadaye, atakapogundua kwamba watu wazima walijua na wakanyamaza. Hapo hatapoteza uwakili tu. Atapoteza pia imani kwa waliomlea. Kumficha mtu habari inayohusu maisha yake, hata kwa huruma, ni kumdharau.

Jibu la pili linaonekana kuwa na uaminifu zaidi: mlango huu umefungwa, basi chukua hisabati nyepesi, maliza shule, ujifunze kusuka nywele au kuuza duka, uwasaidie wazazi. Lakini nchini Afrika Kusini jibu hili lina ukoo wake, na ni lazima ukoo huo utajwe. Mwaka 1953 ilipitishwa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Mwaka uliofuata, Hendrik Verwoerd, aliyekuwa waziri wa masuala ya Wenyeji, aliieleza Seneti kwamba katika jamii ya Wazungu Mwafrika hakuwa na nafasi iliyozidi aina fulani za kazi, na kwamba shule za awali zilimpotosha kwa kumwonyesha malisho mabichi ambayo hakuruhusiwa kulishia. Alikwisha kuuliza pia ina faida gani kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati asiyoweza kuitumia. Hoja hiyo ilivikwa vazi la hisani: tusimpe mtoto tumaini la uongo. Kwa maana finyu, Verwoerd alikuwa anasema kweli. Milango ilikuwa imefungwa. Alichokiacha bila kukisema ni kwamba yeye na wenzake ndio waliokuwa wameshika funguo.

Mwalimu wa Yeoville basi amesimama kati ya uongo wenye tabasamu na ukweli uliowahi kutumiwa kama mnyororo. Njia ya kutoka hapo ipo, lakini yahitaji kutenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida husemwa kwa pumzi moja. La kwanza ni habari: sheria ya leo inasema hivi. La pili ni chanzo: sheria hii ilitungwa na watu, mwaka fulani, na haikutokana na upungufu wowote wa mtoto. La tatu ni uamuzi: basi usome hiki, usisome kile. Mtoto anastahili kupewa la kwanza na la pili kwa ukamilifu. La tatu si la mwalimu kulitoa. Kosa la Elimu ya Wabantu halikuwa kukiri kwamba milango imefungwa. Lilikuwa kuufanya mlango uliofungwa kuwa kipimo cha akili ya mtoto, na kumnyima mafunzo ili siku mlango utakapofunguka asiweze kuingia. Sheria hufutwa kwa kura moja ya bunge. Miaka ya kujifunza iliyopotea utotoni hairudi kwa kura.

Afrika Kusini yenyewe ni shahidi wa jambo hili, na ushahidi umehifadhiwa Tanzania. Baada ya Juni 16, 1976, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto waliokuwa wakipinga kufundishwa kwa Kiafrikana, vijana wengi walivuka mipaka, na baadhi yao wakafika Tanzania. Serikali ya Tanzania iliwapa ANC ardhi huko Mazimbu, Morogoro. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 6, 1979. Wanafunzi wake walikuwa wakimbizi katika nchi ya watu. Hakuna aliyeweza kuwaahidi kwamba wangerudi kwao, seuze kwamba wangepata kazi waliyoisomea. Hata hivyo walifundishwa hisabati na sayansi, yale yale ambayo Verwoerd aliona hayana faida kwao, pamoja na kazi za mikono. Waliandaliwa kwa nchi ambayo ilikuwa bado haijazaliwa. Mwaka 1992 shule ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mtoto wa Bukavu aliyeko Yeoville leo yuko pale alipokuwa mtoto wa Soweto kule Mazimbu. Usiku wa deni haukawii kucha.

Yupo atakayepinga kwamba matumaini hayaliwi. Kodi ya chumba hudaiwa kila mwezi, na familia isiyo na karatasi haiwezi kungoja bunge libadili mawazo. Pingamizi hili ni la haki, na hakuna hoja inayolifuta. Linachodai, hata hivyo, ni kwamba wenye kulipa gharama ndio wapime. Kwa hiyo wazazi nao waitwe, waelezwe kwa lugha wanayoielewa, ikibidi kwa Kiswahili, maana fomu iliyosainiwa na mzazi asiyeielewa si ridhaa. Na iwapo binti, akijua yote, ataamua kusuka nywele, uamuzi huo uheshimiwe kikamilifu. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Julius Nyerere aliilaumu shule iliyowaandaa wachache kwa ngazi inayofuata na kuwaacha wengi wajione wameshindwa. Ususi ni ufundi. Unakuwa adhabu pale tu anapousukumiwa mtu aliyefichwa mengine.

Jirani na Yeoville, katika mtaa wa Observatory, chuo cha Sacred Heart kimekuwa tangu 2008 kikiwafungulia watoto wakimbizi madarasa yake kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, wanafunzi wa kawaida wanapokuwa wamekwenda zao. Mradi huo, Three2Six, umepata jina lake kutokana na saa hizo. Hauwahakikishii watoto kazi yoyote. Huwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, ili shule ya umma ikiwapokea wawe tayari.

Swali la "nani" linapaswa kuanzia hapo. Mwalimu hana uwezo wa kumwahidi binti uwakili, wala hana ruhusa ya kumnyang'anya. Anachoweza ni kumweleza ukweli wote, pamoja na jina la aliyefunga mlango, kisha kuendelea kumfundisha hisabati kamili kana kwamba utafunguliwa. Akifanya hivyo, mtoto atakuwa amepata angalau sehemu ya jibu, kwani atakuwa mtu ambaye hakudanganywa wala hakukatiwa tamaa na waliopewa dhamana ya kumlea.