Jina Lililo Kwenye Akaunti

Mwaka 2024, kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya wanaoishi nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, kiasi kinachozidi kwa mbali mapato ya nchi hiyo yatokanayo na chai, na ingawa zaidi ya nusu ya fedha hizo ilitoka Marekani, nchi za Ghuba nazo zimekuwa chimbuko kubwa kwa sababu ya maelfu ya vijana, wengi wao wanawake wa kazi za nyumbani, waliokwenda huko kutafuta riziki. Takwimu za namna hii hupendwa sana majukwaani, kwa kuwa husomeka kama sifa ya taifa. Lisilosemwa ni kiasi gani cha fedha hizo kilibaki kwa jina la yule aliyezitolea jasho.

Mazungumzo kuhusu kutuma fedha huanzia kwenye ada, na mara nyingi huishia hapo hapo. Ni haki yaanzie huko: kwa vipimo vya Benki ya Dunia, kutuma dola 200 kwenda nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara hugharimu kwa wastani karibu asilimia 8 ya kiasi hicho, ilhali mataifa yalikubaliana, katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, kwamba gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Hata hivyo ada inayoandikwa kwenye risiti ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu ya pili imejificha katika kiwango cha kubadilishia, yaani idadi ya shilingi ambazo mpokeaji hupewa kwa kila riyali au dirhamu; duka la kubadilishia fedha hupata shilingi kwa bei ya soko la jumla, kisha humuuzia mteja kwa bei ya juu kidogo, na tofauti hiyo ndiyo faida yake. Kwa hiyo tangazo la kutuma “bila ada” linaweza lisiwe na uongo ndani yake na bado lisiwe kweli. Anayetaka kujua bei halisi hana budi kuuliza swali moja kabla ya kukabidhi fedha zake: baada ya makato yote, atakayepokea atashika shilingi ngapi?

Njia ya benki kwa benki nayo ina usumbufu wake, kwa maana benki ya Riyadh au Muscat mara nyingi haina uhusiano wa moja kwa moja na benki ya Kisumu au Tanga, hivyo fedha hupitia benki ya tatu iliyo kati, ambayo hukata sehemu yake bila mtumaji kuiona. Fomu za huko aghalabu hudai namba ndefu ya akaunti ya kimataifa, ambayo benki za Kenya na Tanzania hazitumii. Kinachotakiwa badala yake ni namba ya kawaida ya akaunti pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki husika, ambao huwa na herufi na tarakimu 8 au 11.

Lakini ada na makato yote hayo ni madogo yakilinganishwa na msukosuko wa sarafu, na hapa ndipo familia nyingi hugombana bila kujua chanzo. Riyali ya Saudia imeshikizwa kwenye dola tangu mwaka 1986, kwa kiwango cha riyali 3.75 kwa dola moja, na dirhamu ya Falme za Kiarabu na riali ya Omani nazo zimeshikizwa vivyo hivyo kwa viwango vyake. Maana yake ni kwamba mfanyakazi wa Jeddah, apende asipende, hulipwa kwa kivuli cha dola. Mnamo Januari 2024 dola ilifikia karibu shilingi 160 za Kenya, na mshahara wa riyali 1,000 ukawa sawa na shilingi 42,600 hivi. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130, na mshahara ule ule ukawa shilingi 34,600. Mwajiri hakupunguza hata halala moja, wala mfanyakazi hakutuma pungufu, ila kule nyumbani zilionekana shilingi 8,000 zimetoweka, na karo ilikuwa imekwisha kupangwa kwa hesabu ya Januari. Wanaopokea huelewa kwa shida jambo hili, na si ajabu anayetuma akaitwa mchoyo katika mwezi ambao hakufanya lolote tofauti.

Kabla ya fedha kutumwa kwa simu, na hata sasa, wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar, Dubai na Muscat wametumia hawala: mtu humpa wakala fedha mji mmoja, wakala humpigia mwenzake wa mji mwingine, naye humlipa mpokeaji kutoka mfukoni mwake, kisha mawakala hao wawili hufidiana baadaye kwa bidhaa au kwa hawala ya upande wa pili. Ni mfumo uliosimama juu ya uaminifu, una kasi na bei nafuu, na haustahili dharau wanayoupa watu wa mabenki. Udhaifu wake ni kwamba kwa wakala asiye na kibali mtumaji hubaki bila karatasi, na siku atakapotaka mkopo, viza au haki yake mahakamani, hatakuwa na ushahidi kwamba fedha hizo zilikuwa zake.

Kisha ikaja M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007, na baadaye ikaunganishwa na kampuni za kutuma fedha za kimataifa. Sifa zake zinajulikana na hazihitaji kurudiwa. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba ilifuta muda uliokuwapo kati ya ombi na jibu. Zamani shida ilisafiri kwa barua, fedha zikarudi kwa hundi ya posta au kwa mkono wa msafiri, na katika kungoja huko shida kadhaa zilijimaliza zenyewe. Leo ombi huingia usiku wa manane na fedha hutakiwa kabla ya alfajiri, na kila utumaji mdogo hulipiwa ada yake: tuseme duka hutoza riyali 15 kwa kila muamala, basi anayetuma mara nne kwa mwezi amelipa 60, ambapo anayetuma mara moja amelipa 15.

Dawa ya hili ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kujitumia mwenyewe. Mfanyakazi mwenye akaunti kwa jina lake katika benki ya nyumbani hutuma mara moja kwa mwezi, kisha kutoka hapo huiagiza benki impelekee mama yake kiasi fulani kila tarehe iliyopangwa, hulipa karo moja kwa moja shuleni, na kinachobaki hubaki. Wapo watakaosema kwamba huko ni kuwatilia ndugu shaka. Hoja hiyo ina uzito katika jamii ambamo kaka hujenga kwa niaba ya dada na hakuna anayeandikiana, lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humchukulia aliyeandikwa kwenye hati kuwa ndiye mwenye mali mpaka mahakama ishawishike vinginevyo, na kaka mwaminifu kuliko wote anaweza kufariki akiwa ameacha warithi wasiojua habari za riyali. Kuandika jina hakumwondolei mtu undugu. Humwondolea ndugu mzigo wa kushukiwa.

Tena akaunti ya ugenini haiwezi kuwa kimbilio, kwa kuwa katika Ghuba akaunti hufungamana na kitambulisho cha ukaazi, nacho hufungamana na ajira, na kitambulisho kikiisha muda benki inaweza kuizuia akaunti wakati ule ule mwenyewe anapohitaji nauli. Anayekaribia kumaliza mkataba anapaswa kuhamisha akiba yake na kufunga akaunti hiyo kabla ya kibali chake cha ukaazi kufutwa.

Kenya tayari huwataka wafanyakazi wa nyumbani wanaokwenda Ghuba wapate mafunzo kabla ya kusafiri, na huko hufundishwa kutumia vifaa vya jikoni, maneno machache ya Kiarabu na desturi za wenyeji. Wizara inayosimamia kazi iongeze sharti moja: asipande ndege mtu ambaye bado hajafungua akaunti kwa jina lake mwenyewe katika benki ya nyumbani, na namba ya akaunti hiyo iandikwe kwenye mkataba wake wa kazi.