Je, Mwenye Subira Halii?

Katika misiba yetu ni desturi kumshika mfiwa mkono na kumwambia, "Jikaze, usilie, subiri." Maneno hayo husemwa kwa wema. Hata hivyo, yafaa tujiulize kama subira ndiyo macho makavu.

Tumwangalie Nabii Yaakub katika Surat Yusuf, sura ya 12 ya Kurani. Alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo, alikusudia subira iliyo njema (aya ya 18). Miaka ikapita, mwanawe mwingine alipozuiliwa Misri, akalitaja tena neno lile lile (aya ya 83). Lakini aya inayofuata yatueleza kuwa aligeuka kando, akamsikitikia Yusuf, hata macho yakawa meupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu, kama tuwalaumuvyo wafiwa wetu. Akawajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Kisha, na hapa wengi hupita upesi, akawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa (aya ya 87).

Sisi walimu, tufundishapo "Subira yavuta heri", mara nyingi huieleza subira kuwa ni kungoja tu. Asili yake, sabr ya Kiarabu, ina maana ya kuzuia. Na alichokizuia Yaakub hakikuwa kilio.

Naye Mtume Muhammad (S.A.W.), alipomlilia mwanawe mchanga Ibrahim, sahaba mmoja alistaajabu. Akajibiwa kwamba machozi yale ni rehema.